Kopo la Vidonge Mlingotini

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Mvua bado. Upepo wa mchana umechota vumbi lote la barabara ya Mtinko ukalimwaga sebuleni kwangu, na redio tangu Jumatano inakoroma. TBC Taifa inakuja na kuondoka kama homa ya malaria: asubuhi mzima, saa nane mchana hoi. Nilidhani ni betri, nikazianika juani. Nikadhani ni redio yenyewe, nikaipiga kofi. Leo mjukuu kapanda jabali, kalegeza kamba, kauteremsha mlingoti, na ugonjwa tumeuona sote wawili.

Ni kiungo. Pale fimbo mbili za pazia zinapokutana na waya wa dishi, tepu nyeusi niliyoizungusha mwaka juzi imepasuka kama kisigino cha mkulima, na gundi yake imeyeyuka kwa jua ikanasa vumbi na mbawa za wadudu. Chini ya tepu, alumini imeota unga mweupe, shaba imeota ukijani. Nilipougusa waya wa kati kwa ukucha ukakatika kimyakimya, kama njiti ya kiberiti iliyolowa.

"Bibi, si kuna redio kwenye simu?"

Ipo. Lakini bila kuchomeka waya wa masikioni haisemi, kwa sababu ule waya ndio antena yake. Mjukuu hakulijua hilo. Kanyamaza kidogo, kisha kaenda kutafuta msasa.

Vipimo, nisije nikasahau tena. Fimbo mbili za alumini, kila moja sentimita 73. Hesabu ni ya zamani: 143 gawanya kwa megahezi, unapata mita za antena nzima. Katikati ya bendi ya FM ni 98, kwa hiyo mita 1.46, nusu huku na nusu kule. Waya wa dishi unaifaa antena ya namna hii bila kifaa kingine katikati, maana vyote viwili viko karibu na omu 75. Antena yangu ya pili, ya mawimbi mafupi, ni waya wa shaba niliofumua kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusaga: mita 12 na kidogo, niliukata miaka ile kwa ajili ya Zanzibar waliokuwa wakivuma jioni kilohezi 11,735. Huo nao una kiungo chake, na sitaki kukitazama leo.

TMA, watu wa hali ya hewa, wanaitaja El Niño tangu Agosti. Neno hilo silipendi.


Jumanne, 7 Novemba

Mjini. Nimeshusha vitunguu Misuna, kisha nikaenda kwa fundi redio. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake hutangulia bei. Nimemwonyesha maiti ya kiungo changu, akaigeuza, akatoa hukumu: silikoni, ile ya vioo vya madirisha. Tyubu moja 7,000.

"Mama, ukipaka hii, hata ukiitumbukiza ziwa Singidani maji hayaingii."

Nikafungua mfuniko, nikanusa. Miaka 34 ya uuguzi imeniachia pua kuliko macho. Siki. Siki kali kama ya achari. Nikamuuliza kama hiyo si asidi. Akacheka, akasema harufu huisha ikikauka. Ni kweli huisha, lakini kabla haijaisha imekwisha kula. Silikoni inayonuka siki hukauka kwa kutoa asidi ileile ya siki, na shaba ikifungiwa pamoja na asidi huota ukijani hata kabla ya tone la kwanza la mvua. Iko aina nyingine isiyonuka, haidhuru shaba, ila maduka matatu niliyouliza hawana.

Nimeinunua ya siki hata hivyo. Dirisha la choo linavuja.

Tepu roli moja, 1,000. Na kwa vijana wa bodaboda nimepewa bure tyubu iliyochakaa, ile wanayoikata kamba za kufungia mizigo. Huo mpira ndio ninaouamini. Umeona jua, umeona miiba, bado unavutika.


Jumapili, 12 Novemba

Baada ya ibada nimefanya jaribio. Vipande vinne vya waya wa dishi, kila kimoja nimekiunga na kipande cha fimbo ya pazia kwa bolti na nati. Kulehemu nimejaribu nikashindwa: ule wavu wa nje wa waya wa dishi wa siku hizi ni alumini, lehemu inateleza juu yake kama maji juu ya jani la yungiyungi. Waya wa kati nao si shaba tupu, ni chuma kilichovikwa shaba. Kwa hiyo ni kubana tu. Na hapo ndipo matatizo huanzia, kwa sababu shaba na alumini zikikaa pamoja kavu hazina neno, zikilowa zinaanza kulana, na inayoliwa ni alumini.

Cha kwanza nimekifunga tepu peke yake, kama watu wote wafanyavyo. Cha pili silikoni ya siki, nimwonyeshe fundi. Cha tatu nta ya nyuki, niliyopewa na jirani mrina asali badala ya deni la sindano za tangu mwaka jana. Cha nne mpira wa tyubu uliovutwa hadi karibu kukatika, kisha tepu juu yake kuukinga na jua. Vyote nimevining'iniza kwenye kichanja cha vyombo, na kwa kuwa Mungu bado hajaamua, jioni mjukuu anavimwagilia kwa kopo la bustani. Majirani wanapita, wanatazama. Mmoja kauliza kama ni dawa.

Nta nina imani nayo kwa sababu mafundi wa zamani walikuwa wakichovya koili za redio ndani ya nta zisinyonye unyevu. Baba alikuwa na redio ya mbao iliyonuka asali ikipata moto. Mwaka 1973 ndiyo waliyoitumia kwenye kikundi cha usikilizaji cha Mtu ni Afya, wiki 12, watu wazima wamekaa chini ya mti na daftari wanajifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Wanasema nchi nzima walifika kama milioni mbili. Mimi nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kushikilia waya wa antena juu, na nilipochoka mkono Dar es Salaam ilikuwa inapotea. Uuguzi wangu ulianzia pale, naona, lakini baba alipenda kusema ulianzia kwenye kumchoma sindano kuku.


Jumapili, 19 Novemba

Matokeo, kwa mita ya kupimia umeme. Waya mkavu, kati na wavu wa nje havikutani, mshale hausogei. Ukilowa, mshale unaanza kutembea.

Tepu: mshale umetembea siku ya tatu. Silikoni: mshale umekaa, lakini nimekata kwa wembe, na ndani shaba imekwisha kuwa na rangi ya kijani kibichi kama kanga ya harusi. Wiki moja tu. Nta: hapa nimesikitika. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 au 64, na kabla ya hapo tayari imelegea. Kichanja changu kinatazama jua la saa saba na nyuma yake kuna bati. Imeteleza yote upande mmoja, kiungo kikabaki uchi na mshumaa uliolia umeganda chini yake. Mpira na tepu: mkavu.

Lakini sijaitupa nta. Nimeipasha moto kidogo, nikaipaka kwenye ncha ya waya palepale ulipomenywa, ikazama katikati ya nyuzi za wavu. Kazi ya nta nadhani ni hiyo. Zile nyuzi nyembamba zina tabia ya utambi: maji yakiguswa tu na ncha, yananyonywa, yanasafiri ndani kwa ndani hadi sebuleni bila kukuuliza. Nta ikijaa kati ya nyuzi, utambi hauna pa kunyonyea, na ikiwa imefunikwa na mpira jua haliioni.

Jambo jingine, la mkono. Tepu ya mwisho izungushwe kuanzia chini kwenda juu, si juu kwenda chini, ili kila duara lilalie la chini yake kama bati linavyolaliana. Nimemwonyesha mjukuu. Kasema, "Kumbe ni paa." Ndiyo, ni paa.


Jumatatu, 4 Desemba

Katesh.

Jana alfajiri, udongo na mawe kutoka mlima Hanang vimeshuka juu ya mji na juu ya kijiji cha Gendabi. Siku ya hewa safi mlima huo tunauona kutoka kwenye jabali letu, wa bluu, umekaa peke yake. Jana haukuonekana, wala leo. Kumenyesha usiku kucha huku pia, ila huku maji yana mahali pa kwenda.

Redio imefanya kazi. Nimeiacha wazi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Idadi ya waliokufa inapanda kila taarifa ya habari, kama joto la mgonjwa unalolipima kila saa na kutamani kipimo kiwe kibovu. Rais anakatiza safari ya Dubai. Watu wa jirani wenye ndugu upande ule wamekuja kukaa, wengine hawana salio, wengine simu za ndugu zao haziiti. Tumekaa watu tisa, hakuna anayeongea habari inaposomwa.

Sijaandika lolote kuhusu kiungo leo. Kimeshika.


Jumapili, 17 Desemba

Katesh wamepita 80. Na mimi nimeota tena lile la mwaka 1998, kwa hiyo bora niliandike likae kwenye karatasi.

Zahanati ya misheni niliyokuwa nikifanya kazi ilikuwa na redio kol. Wati 100, betri ya gari, sola moja, na antena ya waya iliyotundikwa kati ya mikaratusi miwili. Kila siku saa mbili asubuhi tunaita hospitali: wagonjwa wangapi, dawa gani zimekwisha, gari lini. Hakukuwa na simu. Ile redio ndiyo iliyokuwa mkono wa pili wa muuguzi.

Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 1997 na hazikujua kuacha. Desemba ile kiungo cha katikati ya antena kililegea, mlinzi akapanda akakikaza, na hatukuwa na tepu. Nikampa plasta. Ile plasta nyeupe ya kitambaa tunayobandikia kidonda. Nilijisifu, hata, nilisema kiungo ni jeraha, na jeraha nalijua.

Plasta ya kitambaa ni utambi. Ninalijua hilo sasa, na nilipaswa kulijua wakati ule, maana mara ngapi nimebandua plasta iliyolowa kwenye mguu wa mtu.

Februari, usiku, wameleta mama kwa mkokoteni wa ng'ombe, uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya. Nikawasha redio. Niliwasikia hospitali. Hilo ndilo huwa siwezi kulieleza kwa watu wasiojua redio: niliwasikia vizuri kabisa, yule opereta wa usiku anaongea na kituo kingine kuhusu dizeli. Nikabonyeza, nikaita. Nikaachia, nikasikiliza. Anaendelea na dizeli. Nikaita tena. Kipimo cha redio kilikuwa kinaonyesha nguvu zangu zinarudi nyumbani badala ya kwenda. Waya uliojaa maji unakula nguvu, na kwa anayesikiliza haisumbui sana, kwa sababu sauti na kelele vyote vinapungua pamoja na sikio linaendelea kutenganisha. Anayeumia ni anayeita. Niliita mpaka betri ikachoka.

Asubuhi wanaume walimbeba kwa machela kuvuka mto. Mama alipona. Mtoto hapana.

Wiki ya pili fundi wa misheni akaja na ngazi. Alikata waya chini ya kiungo, akauinamisha juu ya bakuli la figo, na maji yakatoka kwa matone, tone, tone, kama dripu iliyofunguliwa kidogo. Hakusema kitu. Alikata mita nne nzima ndipo akafika kwenye shaba nyekundu. Kisha akaniuliza nani alifunga plasta, nikasema mlinzi.

Nimeliandika. Sikulisema hata kwenye kitubio.

Simu zilipoingia, redio kol ikawekwa stoo, kisha ikagawanywa. Wengine walichukua sola na betri. Mimi niliomba kile kipande cha katikati cha antena, cha plastiki ngumu nyeusi, kikubwa kama ngumi, chenye kulabu juu. Ndicho kinachoshikilia waya wangu wa mita 12 hadi leo.


Jumanne, 26 Desemba

Nyumba imejaa. Mtoto wa dada yangu amekuja kula Krismasi. Kazi yake ni kupanda minara ya simu. Nimemsubiri ashibe pilau, nikamtoa nje.

"Mama mkubwa, mpira huu na nta hii ni kazi nzuri," kasema, akazungusha kiungo changu mkononi kama daktari mwenye haraka. "Lakini umeziba kote?"

Kote.

"Basi kitalowa kwa ndani."

Nikaudhika. Akaeleza. Mchana jua linachoma kiungo, hewa iliyomo ndani inatanuka, inatafuta pa kutokea, na hakuna kiungo cha mkono kisicho na tundu la sindano mahali fulani. Jioni mvua baridi inapiga, hewa iliyobaki inajikunja, na kiungo kinavuta pumzi. Kinavuta nini? Unyevu uliopo nje, au tone lililokaa palepale kwenye tundu. Kesho yake hivyo hivyo. Kutoka maji hayatoki, kwa sababu yaliingia kwa kuvutwa. Waya wa dishi nao una nyama nyeupe ya povu, yaani karibu hewa tupu. Maji yakiingia humo ni kitu cha kutisha kwa mawimbi, hewa ukiipa moja maji ni kama 80.

Wao minarani hufunga tabaka tatu: tepu, kisha utepe mzito wa butili unaonata kama ulimbo, kisha tepu tena. Kaniachia kipande cha butili cha kidole kimoja. Lakini hata wao, kasema, masanduku yaliyoko juu wanayaacha na kitundu kwa chini.

Nimekaa nikijicheka. Jipu kubwa ukilipasua hulishoni lote. Unaacha chini kipande cha glovu iliyokatwa, kining'inie, usaha upate njia. Ukilishona lote kwa usafi na ufundi wako, siku ya tatu mgonjwa anatetemeka. Nimewafundisha hilo wanafunzi wangapi? Na huku juu ya jabali nilikuwa nashona jipu.


Jumamosi, 6 Januari 2024

Kopo. Lile la plastiki nyeupe la vidonge 1,000 vya paracetamol, nimekuwa nikiwekea vifungo. Limegeuzwa kichwa chini, mdomo wazi ukitazama ardhi. Kitako chake kimekuwa paa. Kiungo kimekaa ndani juu, kimebanwa na bolti inayopita kitakoni, na juu ya kichwa cha bolti nimebandika ile butili. Fimbo mbili zinatoka ubavuni kwa matundu niliyoyatoboa kwa msumari wa moto, yakielekea chini kidogo ili tone likitembea kwenye fimbo lisipandie ndani. Mjukuu alitaka tuzibe mdomo kwa mfuniko wake wa asili. Nikamkatalia. Alininunia mpaka saa ya chai.

Waya wa dishi unashuka, na kabla haujaingia dirishani nimeuachia tumbo, ushuke chini ya dirisha ndipo upande. Maji hayapandi mlima. Yakifika pale chini yanadondoka. Hili halina gharama yoyote, ni waya wa nusu mita, na nyumba nyingi nilizopita hapa kijijini waya wa king'amuzi umeshuka moja kwa moja toka kwenye dishi hadi nyuma ya televisheni, mfereji kamili.


Jumapili, 21 Januari

Radi, kubwa. Imepiga mbuyu wa ng'ambo. Mama mkwe wa jirani akanitumia mtoto: Bibi azime redio, na mjukuu avue ile fulana nyekundu. Fulana sina neno nayo. Redio nilikuwa nimekwisha kuchomoa waya wa antena na kuutupa nje ya dirisha, mbali na ukuta. Kuzima swichi hakusaidii kitu kama waya bado umechomekwa.


Jumapili, 11 Februari

Jana amefariki Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu. Watu wamekuja tena kusikiliza, na redio ikachagua siku hiyo kukoroma.

Sikuamini. Mjukuu kapanda, na kabla sijamwambia aangalie akapiga kelele akashuka kwa matako. Nyigu. Wamelipenda kopo langu: kavu, lenye paa, mlango unatazama chini. Wamejenga kwa udongo uliolowa juu ya bolti yenyewe, nyumba tatu, ukuta kwa ukuta, na udongo umeunganisha shaba na wavu wa nje. Mimi naziba maji miezi mitatu, nyigu wanayabeba kwa mdomo.

Dawa: kipande cha chandarua chakavu mdomoni mwa kopo, kimefungwa kwa kamba ya tyubu. Maji yanapita, nyigu hapiti. Jirani kasema kutumia chandarua cha serikali hivyo ni kosa. Kina matundu ya kupitisha kuku.


Jumamosi, 2 Machi

Amezikwa Rais wa zamani, Mzee Mwinyi, leo, Mangapwani, Unguja. Miaka 98. Tumesikiliza tangu asubuhi, sauti imesimama wima kama mtu aliyekula.

Watu wanamkumbuka kwa ruksa ya biashara. Mimi namkumbuka kwa vitu vidogo vilivyorudi dukani: sabuni, wembe, betri, waya. Kabla ya hapo baba alikuwa anachemsha betri. Mjukuu hakuamini kwamba betri huchemshwa, nimemwahidi sitamwonyesha.


Jumapili, 19 Mei

Mvua zimekwisha, alizeti zimevunwa, mashine za kukamua zinanguruma mpaka usiku na taa mpya za umeme zinajaza mawimbi mafupi kelele. Hewa safi. Hanang anaonekana, ana kovu la kahawia.

Tumeteremsha mlingoti. Chandarua kina vumbi na buibui mmoja. Tepu ya nje imeanza kufifia, mpira chini yake uko kama nilivyouvuta. Nta imo. Nikakwangua mahali pamoja kwa wembe: shaba nyekundu. Mita haikusogea. Maandishi ya paracetamol yamefutika upande wa magharibi, mvua zinakotoka kwa upepo, upande wa mashariki bado unasoma miligramu 500. Tumelirudisha juu vilevile.

Kwa kuwa ngazi ilikuwa imeshasimama, nikasema tuteremshe na ule wa mita 12.

Kile kipande cheusi cha redio kol sijakifungua tangu nilipokitundika hapa. Lehemu ya yule fundi bado inang'aa, miaka 26. Pembeni kuna alama ya gundi ya plasta, ya kijivu, haijatoka kwa jua wala mvua. Na chini kabisa, nilipokipangusa, nimekuta duara dogo la nta. Nta yangu. Nilikumbuka mara moja: siku ninakitundika niliona kina tundu chini, tundu safi la kutobolewa kwa keekee, nikadhani ni kasoro, nikaliziba.

Mjukuu akaleta sindano. Nimeizibua nta taratibu, nikakiinamisha juu ya kiganja. Yametoka matone manne. Nimeyahesabu.